Wazee wasisubiri Krismasi

Ndugu Mhariri,

Watalii huishia kupiga picha kanisa kuu letu Katoliki la Minara Miwili pale Shangani, lakini uhai wa parokia uko kwenye jumuiya ndogo ndogo za Kikristo za majirani, ambazo maaskofu wa AMECEA (umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki) walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970. Jirani akifiwa au akilazwa, wa kwanza kujua ni mwenyekiti wa jumuiya.

Lawama yangu ni moja. Hapa kwetu misaada kwa wazee hufurika Desemba: sabuni, mchele, vitenge, na picha nyingi (nyingi mno, kwa maoni yangu). Ikifika Machi, mzee anayehitaji mtu wa kumfulia shuka na kumpandisha daladala kwenda kliniki Mnazi Mmoja hamwoni mtu.

WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wana moyo, ila hawatoshi. Vijana wa kwaya wanaofanya mazoezi kila jioni wapangiwe zamu, wawili wawili, Jumamosi. Na zamu hizo zifike hata kwa majirani Waislamu, ambao ndio wengi mtaani, na ambao futari yao tunaila kila Ramadhani bila kuulizwa dini.

Halmashauri ya walei (waumini wasio mapadri wala watawa) ijadili hilo kabla ya bajeti ya sikukuu.

Muumini,
Tomondo, Unguja