Mfumo unasoma tano, mama anasema kumi

Ndugu Mhariri,

Msomaji wako wa wiki iliyopita, aliyelalamika kwamba watengeneza programu wa Moshi na Arusha tunashinda vijiweni tukibishana, amenichoma kidogo. Ni kweli tunabishana. Tumewahi kumaliza chai na chapati za watu wanne tukigombania kama mistari ya programu isogezwe kwa kitufe cha Tab au kwa nafasi tupu. Wa Python, lugha moja ya kuandikia programu, wanashika mwongozo wao wa nafasi nne, wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, wanajibu kwamba kiini chao kinatumia Tab yenye upana wa herufi nane, na sijaona aliyehama upande. Hiyo ndiyo Simba na Yanga yetu, siombi radhi.

Ninachopinga ni dawa aliyotuandikia, kwamba tunyamaze tufanye kazi. Mimi nilinyamaza nikafanya kazi, na mama mmoja akapunjwa.

Mwaka jana mimi na mwenzangu tulitengeneza programu ya kituo cha kukusanyia maziwa huku juu mlimani. Karani anapima, anaingiza lita kwenye simu, simu inatuma ofisini, mwisho wa mwezi mfugaji analipwa. Sasa, migombani mtandao unakuja na kuondoka. Simu ikikosa jibu inatuma tena, kwa hiyo kipimo kimoja kilikuwa kinaingia mara mbili, mara tatu, na chama kinalipia maziwa ambayo hayajakamuliwa. Nikaandika sharti fupi: mfugaji yuleyule, tarehe ileile, lita zilezile, bakiza rekodi moja. Wiki hiyo tulikuwa tumebishana siku tatu nzima kuhusu lugha gani ya programu tutumie. Sharti lile halikupata hata dakika moja ya ubishi.

Maziwa hupelekwa asubuhi na jioni. Mama huyo ana ng'ombe mmoja, na ng'ombe wake ana msimamo: siku nyingi hutoa lita tano alfajiri na tano jioni. Programu ikaona marudio, ikafuta za jioni.

Alipolalamika, karani alimgeuzia simu ajionee: "Mama, kwenye mfumo inasoma tano." Mwezi uliofuata, tano. Akaulizwa mbona wenzake hawasemi kitu. Mara ya tatu nilikuwepo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku mkono umeshafika kwenye kikapu, akatoa daftari la shule la mjukuu wake. Upande mmoja hesabu za kuzidisha, upande wa pili lita, kwa penseli, A na J kila siku. "Baba," akaniambia, "hiyo kompyuta yako imewahi kukamua?"

Nililala na daftari lile mezani. Siku 11 za mwezi ule asubuhi na jioni zililingana. Lita 55, na kwa shilingi 1,000 kwa lita, hiyo ni shilingi 55,000. Nilipowaangalia wafugaji wengine ndipo usingizi ulipokata kabisa: walioumia karibu wote ni wenye ng'ombe mmoja. Mwenye ng'ombe sita akileta lita 43 asubuhi, ni nadra jioni alete 43 zilezile. Mwenye mmoja anazunguka kwenye nne, tano, sita, na namba ndogo hazikawii kugongana. Hakuna mahali nilipoandika kwamba asiye nacho apunguziwe. Ilitokea hivyo tu, kwa hesabu.

Dawa yake ilikuwa nyepesi hadi aibu. Sasa kila kipimo kinapewa namba yake palepale karani anapobonyeza, kama risiti. Simu ikituma mara kumi, namba ni ileile. Cha jioni kina namba nyingine. Wafugaji walilipwa malimbikizo yao.

Kiswahili chetu nacho kinatupa pa kujificha. Mfumo umegoma, mfumo umekataa, mfumo haukutambui, utadhani ni bwana mkubwa mwenye ofisi ghorofani. Mfumo haukukataa maziwa ya mama yule. Niliyakataa mimi, saa nne usiku, nikiwa na haraka ya kwenda kulala.

Na si mambo ya mlimani tu. Uingereza, Horizon, programu ya hesabu za matawi ya posta, kazi ya kampuni ya Fujitsu, iliwaonyesha mawakala wa posta upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa. Wengi walipopiga simu kuomba msaada waliambiwa ni wao peke yao wenye shida hiyo, sawa na mama yangu wa daftari. Ilibidi mawakala 555 wakiongozwa na Alan Bates waende mahakamani, na Desemba 2019 jaji akasema wazi kwamba programu ilikuwa na kasoro. Sheria ya kufuta hatia zao ilikuja 2024. Mwaka uleule wa 1999 Bunge lao lilikuwa limeondoa kifungu kilichomtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta athibitishe kwanza kwamba kompyuta hiyo ilifanya kazi sawasawa. Basi mashine ikawa mkweli mpaka mshtakiwa aonyeshe vinginevyo, na ataonyeshaje kasoro ya kitu asichoruhusiwa kukifungua? Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayompa mtu haki ya kudai taarifa zake zirekebishwe zikikosewa. Pale dirishani pa maziwa angeidai kwa nani?

Ubishi wa sasa mezani kwetu, kama msomaji wako anataka kujua, ni huu. Nimeongeza kitufe kwenye simu ya karani: "Mfugaji anapinga". Kikibonyezwa, hesabu ya siku hiyo haifungwi mpaka mjumbe wa kamati aione na kuweka jina lake. Mwenzangu anasema nimefungua mlango wa lita hewa. Kijana mmoja wa Arusha anasema akili mnemba ingelikamata kosa langu mapema. Mimi nadhani ingeniandikia sharti lilelile kwa sekunde kumi. Juzi tukamwalika karani mwenyewe. Alisikiliza, akakoroga chai, akatuuliza: kitufe kiko kwenye simu yangu, na lawama ni zangu, nitakibonyeza kwa nini?

Hatujamjibu. Jumamosi tunakaa tena, na mwandishi wa ile barua akipenda kuja, chai ni juu yangu. Mama naye amekubali kuja. Tumerudisha kikao saa sita mchana, kwa sababu jioni ana ng'ombe.

Mtengeneza programu,
Majengo, Moshi