Nilipita Ipogolo bila kupanda Kihesa

Kimara, Dar es Salaam
4 Mei

Shoga yangu Mama Neema,

Kamwene! Habari za Kihesa, habari za wazee? Neema na mdogo wake wanaendeleaje na shule? Sisi huku wazima, ila shemeji yako bado anakohoa usiku, na masika yametukaba. Njia ya mtaani kwetu imekuwa mfereji, watoto wanakwenda shule viatu mkononi.

Najua umenuna. Mama Doreen amenieleza yote, na maneno uliyomwambia amenifikishia kama yalivyo: mtu apite Ipogolo, hapo chini ya mji wa Iringa, na mumewe juu ya pikipiki, anywe chai pale chini, asipande hata kukusabahi. Ni kweli. Tulipita, tulikunywa chai, na uchovu wa pikipiki ninao mpaka leo mgongoni. Nimejaribu kukupigia mara mbili hupokei, kwa hiyo nakuandikia. Kaa chini, maana hii ni ndefu.

Ile pikipiki tulikuwa tunampelekea Ambwene kule Tukuyu, aanze bodaboda. Kuipakia kwenye lori tuliambiwa bei ambayo hatuna, shemeji yako akasema ataiendesha mwenyewe. Hebu fikiria, kutoka Dar hadi Mbeya tu ni zaidi ya kilomita 800, na pikipiki yenyewe ya cc 150. Nikamwambia peke yako huendi. Alidhani ni maneno tu, mpaka aliponikuta nafunga begi na watoto nimeshawapeleka kwa dada.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Mvua ilitupokea Mlandizi ikatusindikiza mpaka Chalinze, ikakatika ghafla kana kwamba ina mpaka wake. Morogoro jua, milima ya Uluguru imejifunga mawingu kiunoni. Halafu zile kilomita 50 za ndani ya hifadhi ya Mikumi. Nimezipita kwa basi miaka yote hii nikisinzia, safari hii sikupepesa jicho. Tembo wanne walikuwa kando ya lami, na mama yao akageuza masikio kutusikiliza. Tulizima injini tukangoja nyuma ya lori hadi walipovuka. Harufu yao ilitufikia, shoga, harufu ya zizi na majani mabichi. Tulilala Mikumi mjini, migongo imekufa, lakini tulicheka usiku ule kama wachumba.

Siku ya pili ndiyo nataka uisikie.

Asubuhi Ruaha Mbuyuni joto lilikuwa la tanuri. Vitunguu vimejaa kando ya barabara, mibuyu imesimama kila upande, jasho linatiririka ndani ya helmeti. Tukavua masweta, tukayasukumia chini kabisa ya begi na kulifunga kwa mipira juu ya keria. Hilo ndilo kosa la kwanza, ingawa wakati ule lilikuwa jambo la akili kabisa. Kitonga tuliipanda nyuma ya semi iliyokuwa inatambaa, harufu ya breki za magari yanayoshuka imetujaa puani. Kufika Ilula upepo umeshabadilika. Pale Ipogolo ilikuwa saa saba mchana, na nyuma yetu wingu jeusi limeshakaa. Shemeji yako akatazama juu kuelekea mjini, akaniambia, "Tukipanda kwa Mama Neema leo hatushuki." Na kweli usingetuachia, ungechinja kuku. Akataka tuiwahi mvua, tulale Makambako. Nami nikakubali. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, sikukupigia, kwa sababu nilijua nikisikia sauti yako nitapanda. Nisamehe kwa hilo. Ningepanda, yaliyofuata yasingetokea.

Mvua ilitukuta tumepita Ifunda. Si mvua ya Dar, ya kwenu ni ndogo ndogo, ya kuchoma kama sindano, na upepo wake. Tulikuwa na makoti mawili ya mvua, moja zima na jingine limechanika begani. Alinipa zima. Nilipouliza akasema, "Hilo linanibana." Nikaamini! Zamani tungevaa mifuko ya plastiki ndani ya viatu, lakini tangu ipigwe marufuku 2019 hata wa dawa huupati. Tukajifunga vipande vya kiroba miguuni, na kifuani akapachika gazeti. Mafinga tulisimama kujaza mafuta tu. Nikamwambia tulale hapa, akasema bado kuna mwanga.

Baada ya hapo ni misonobari ya Sao Hill kulia na kushoto, ukungu umeshuka hadi kwenye lami, malori yamewasha taa zote. Nilimhisi akitetemeka, nikamsikia hata kupitia koti. Kisha akaacha kutetemeka. Mama Neema, mimi nilifurahi! Nilidhani amepata joto. Nikamuuliza jambo, akanijibu maneno mazito yasiyoeleweka, kama mtu aliyelewa. Pikipiki ikaanza kuvutwa kuelekea katikati ya barabara. Nikampiga mgongoni kwa nguvu zangu zote nikipiga kelele asimame. Alisimama, lakini klachi hakuweza kuibana, injini ikazima tukakaribia kuanguka. Nilimvua glavu, vidole vyeupe, havikunjiki. Na yeye ananiambia yuko sawa. Yuko sawa!

Hapo hakuna nyumba, hakuna mtu, gari nililopungia mkono halikusimama. Wewe unajua kuendesha kwangu, ni pale uwanja wa shule Jumapili jioni, gia ya kwanza hadi ya tatu, yeye anakimbia pembeni. Kwenye lami kubwa sijawahi. Nilitoa masweta, nikamvika yote mawili, nikampandisha nyuma. Nikachukua kanga yangu nikamfunga kwangu, kiuno kwa kiuno, fundo mbele, kama ninavyombeba mtoto, mikono yake nikaiingiza ndani ya koti langu. Nikawasha. Gia ya pili, sikuibadilisha. Nilikaa ukingoni mwa lami na kila lori lililopita lilitumwagia maji. Sikuacha kumwambia, "Baba Ima nijibu, taja majina ya watoto." Anataja. Kimya. Nauliza tena. Mara moja alimtaja Ima mara mbili akamsahau mdogo, na pale nililia.

Taa za kwanza tulizoziona ni za Nyololo. Mama mmoja ana mgahawa wa mabati, wanamwita Mama Zawadi, hakutuuliza hata jina. Alimvua nguo mbichi zote, akamfunika mablanketi, akampa chai yenye sukari nyingi, kidogo kidogo. Nilitaka nimsogeze kwenye jiko la mkaa akanikataza, akasema mtu wa baridi hapelekwi motoni kwa haraka. Akaleta jaketi zito la mwanawe anayefanya kazi ya kukata miti msituni. Ilichukua muda mrefu ndipo akaanza kutetemeka tena, na Mama Zawadi akasema, "Sasa amerudi." Muuguzi wa zahanati alinieleza baadaye kwamba mwili ukiacha kutetemeka ilhali mtu bado amelowa, ndipo hali imekuwa mbaya. Mimi nilikuwa nafurahi, Mama Neema. Hilo linaniamsha usiku mpaka sasa.

Kesho yake, kama vile hakuna kilichotokea, Igawa kulikuwa na jua kali na upepo mkavu, tukaanika nguo juu ya pikipiki inayokwenda. Isongole ukungu tena, na Tukuyu mvua, maana kule inanyesha hata ikisahau. Mama mkwe alitulisha ndizi na maziwa mpaka basi. Ambwene amefurahi hadi machozi. Kutoka Uyole hadi kwao niliendesha mimi sehemu kubwa, gia zote.

Lakini narudi palepale, kwa nini hakusema? Kuanzia Ifunda alikuwa amelowa hadi mifupani, na mimi nimekaa sentimita chache nyuma yake na koti zima. Nimemuuliza mara nyingi. Anasema hakutaka niogope. Sasa mimi ni mke au abiria? Tumegombana juu ya hilo Tukuyu, tumegombana ndani ya basi tukirudi, na juzi tena akiwa anakohoa. Ananisikiliza, ananishika mkono, halafu anasema, "Basi, yameisha." Kwangu hayajaisha. Nakuambia wewe kwa sababu wewe na Baba Neema mmepita mengi, na sijui nani mwingine wa kumwambia.

Sasa shida yangu. Jaketi la yule kijana bado liko hapa. Tulirudi na basi la usiku, halikusimama Nyololo, na Mama Zawadi hakutaka pesa hata ya chai. Mwezi ujao ni Juni, unaijua baridi ya huko kuliko mimi, na kijana anaingia msituni alfajiri. Nimelifua, nimelikunja pamoja na doti ya kanga ya mama yake. Nitalituma kwa basi Jumatano, lifike kwako Ipogolo.

Je, binamu yako bado anakwenda Mafinga kununua viazi? Anaweza kulifikisha Nyololo, au nimtafute mtu mwingine? Mgahawa uko upande wa kushoto ukitokea Mafinga, mlango wa bluu. Na wewe ungekuwa mimi, ungemwacha mtu asiseme akiumia? Baba Neema alikuwa hivyo, au alibadilika? Nimejiandikisha kwenye mafunzo ya leseni daraja A, ile ya pikipiki, unaonaje, nimekosea? Doreen amepata matokeo yake? Na utaipokea simu Jumamosi, au bado umenuna? Tukija Agosti, mtatulaza?

Wako,
Mama Ima