Kwa wanangu wari wa Wete, na kwa mama zao

Asalaam aleikum wanangu.

Miaka mingi nimekuwa somo, nikiwafunza usafi wa hedhi na adabu zake, lakini zile siku zinazoitangulia sikuzisema ipasavyo.

Msimu mmoja wa karafuu tulikuwa jamvini tunachambua makonyo. Mwari mmoja, mtoto mpole asiyejua kumjibu mtu, alizimwaga chini karafuu zote za pakachani kwa sababu tu mdogo wake alimwambia asogee, kisha akalia mpaka ncha ya kanga yake ikarowa. Nilimkaripia mbele za watu, na mama yake akasema huenda ana shetani. Siku ya tatu akaingia mwezini, na haikupita muda akawa anacheka na wenzake, mwenyewe haelewi kilichompata. Nilimkosea mtoto yule, na nimemwomba radhi.

Yai hutoka kiasi cha siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Baada ya hapo homoni za mwili, estrojeni na projesteroni, hupanda, na mimba isipotunga hushuka; na kwa baadhi yetu mabadiliko hayo huugusa ubongo, pamoja na ile kemikali iitwayo serotonini, inayosaidia utulivu wa moyo na usingizi. Ndipo matiti huuma, tumbo hujaa, kichwa hugonga, na neno dogo likachoma kama kaa la moto. Damu ikianza, dalili hupungua katika siku chache.

Kwa hiyo chukueni daftari, siku ya kwanza ya damu muiite 1, na kila jioni muandike mlivyojisikia, kwa miezi 2 au zaidi. Mkiona dalili zinawaandama mwezi mzima, hilo si jambo la hedhi peke yake, na daktari alichunguze. Siku hizo zikikaribia, punguzeni chumvi (najua embe mbichi kwa pilipili na chumvi ni tamu) na kahawa. Kuleni dagaa pamoja na mifupa yao, mnywe maziwa, mtembee jioni, mlale mapema.

Nanyi mama zao, msiwaambie kuwa yatakwisha wakiolewa. Mimi nimezaa watoto saba, na hayakunitoka mpaka hedhi yenyewe ilipokatika. Mwana anayeshindwa kwenda skuli kila mwezi apelekwe hospitali, maana dawa zipo. Na akitamka kuwa hataki kuishi, mpelekeni siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake hata kidogo, hata kama mnadhani damu iko karibu na yatapita.

Kuanzia sasa, mwari anayeletwa kwangu kufunzwa aje na daftari lake na kalamu.

Somo yenu,
Wete, Pemba