Adapta kuingia kwenye tundu si dalili kwamba ni salama

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatahadharishe wanaonunua adapta za hedifoni, na zaidi wanaoziuza. Siku hizi kadi ndogo za sauti za USB-C zenye matundu mawili, la milimita 3.5 na la milimita 4.4, si kitu cha ajabu tena. Mwenye hedifoni ya kawaida anasikia kwamba lile tundu kubwa, la balansi, lina nguvu zaidi, basi anatafuta adapta ya kumfikisha huko. Anauziwa, jeki inaingia barabara, sauti inatoka, na wote wawili wanaridhika.

Fundi wa redio za magari hawezi kuridhika kirahisi hivyo. Redio nyingi za gari huendesha spika kwa pande zote mbili: hata waya wa hasi unatoka kwenye amplifaya, ukiwa na sauti iyo hiyo iliyogeuzwa. Ndiyo sababu hasi ya spika haifungwi kwenye bodi ya gari, wala hasi za spika mbili haziunganishwi. Tundu la balansi liko hivyohivyo. Lina nyaya nne hai: kushoto chanya, kushoto hasi, kulia chanya, kulia hasi. Jeki ya kawaida ya 3.5 ina njia tatu tu: ncha ni kushoto, pete ni kulia, na shina ni ethi ya masikio yote mawili. Adapta ya ovyo huzitatua hesabu hizi kwa kuunganisha zile hasi mbili. Hapo amplifaya ya kushoto na ya kulia zinasukumana, na hakuna hedifoni katikati ya kuzuia mkondo. IC, yaani chipu ya amplifaya, inapata moto. Kama ina kinga, itajizima. Kama haina, imekwenda.

Kumbe kujaribu pale kaunta hakuthibitishi kitu. Sauti ikiwa sawa pande zote mbili, kwa mfano mtu akisoma taarifa ya habari, hasi zote mbili zina volti ileile na hakuna mkondo unaopita kati yake. Muziki wa stereo ukianza, gita huku na kinanda kule, ndipo balaa linapoanza.

Tazama upande wa dume. Adapta yenye dume la 3.5 na jike la 4.4, au jike la XLR ya pini nne (plagi nene ya duara ya balansi), haina tatizo: inapeleka hedifoni ya balansi kwenye tundu la kawaida, na hasi mbili zikikutana kwenye ethi ndivyo inavyotakiwa. Unachokosa ni ile nguvu ya ziada tu. Yenye dume la 4.4 na jike la 3.5 ndiyo ya kupimwa kwanza.

Kipimo chenyewe ni multimita, kifaa cha kupimia umeme, kwenye alama ya mlio, adapta ikiwa haijachomekwa popote. Jeki ya 4.4 ina sehemu tano. Kuanzia nchani ni kushoto chanya, kushoto hasi, kulia chanya, kulia hasi, na mwisho ethi. Gusa ya pili na ya nne: ikilia, usiichomeke. Gusa ya pili na ya tano, kisha ya nne na ya tano: pia zisilie. Zipo adapta zilizotengenezwa sawasawa, zinazoacha ya pili na ya nne bila kitu na kutumia ethi ya tano, ila hata hizo haziongezi nguvu yoyote, na si kila kifaa kimeunganisha ile ya tano ndani. Kwa nini usitumie tundu la 3.5 lililo pembeni yake?

Anayetaka balansi ya kweli abadilishe waya. Hedifoni za Sennheiser HD 600 na HD 650 zina plagi ya pini mbili kila sikio, hivyo waya mpya unatosha. Hedifoni yenye waya mmoja wa njia tatu unaoingilia sikio moja haibadiliki kwa kukata jeki tu, maana hasi zimeungana ndani, lazima ifunguliwe.

Wanaolehemu wenyewe wasikariri mpangilio mmoja. XLR ya pini nne, kuanzia pini 1 hadi 4, inafuata mpangilio uleule wa sehemu nne za kwanza za 4.4, lakini jeki ya balansi ya milimita 2.5 iliyoenea huanza nchani na kulia hasi, kisha kulia chanya, kushoto chanya, na kushoto hasi shinani. Ukigeuza chanya na hasi za sikio moja tu, besi inanyauka na mwimbaji hakai katikati. Ukimaliza, pima hasi kwa hasi hedifoni ikiwa imeunganishwa: kimya. Chanya kwa hasi ya sikio moja isome karibu na omu (kipimo cha ukinzani) zilizoandikwa kwa hedifoni hiyo. HD 600 ni omu 300.

Kabla ya kuchomeka au kuchomoa, simamisha muziki, kwa sababu jeki ikiteleza hugusanisha sehemu zinazopakana. Punguza sauti pia: tundu la balansi linaweza kutoa volti mara mbili, yaani desibeli 6 zaidi, na masikio hayana kipuri.

Kwa wenye maduka, ombi langu ni dogo. Multimita ya bei ya chini kabisa inatosha kwa kazi hii. Iwekeni kaunta, na adapta ya dume la 4.4 ipimwe mbele ya mteja kabla ya kupokea fedha yake.

Fundi wa vifaa vya sauti,
Dar es Salaam