Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa CERN kuhusu handaki la kilomita 91

Kwa: Mkurugenzi Mkuu, CERN, Geneva
Nakala: Baraza la CERN na wajumbe wa nchi wanachama

YAH: HOFU NA MATUMAINI YA UMMA KUHUSU MTAMBO WA FCC

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Mwaka 2008, kabla LHC, mtambo wenu wa kugonganisha protoni chini ya ardhi, haujawashwa, watu walikwenda mahakamani Hawaii na Strasbourg kuomba usimamishwe. Walihofia ungezaa shimo jeusi la kuimeza dunia. Maombi yote mawili yaligonga mwamba, lakini CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, haikuishia kuwaambia watu wasiogope. Iliunda jopo, jopo likaandika ripoti yenye hesabu, na ripoti ikawekwa hadharani aisome na kuikosoa yeyote atakaye. Sisi tunaoandika barua hii ni watu wa fizikia na uhandisi, na tunautakia utafiti huu heri. Ombi letu ni moja: hofu za leo juu ya FCC, mtambo mkubwa zaidi mnaopanga kuujenga katika handaki jipya, yaani hofu za fedha, mwamba, umeme na gesi, zijibiwe kwa kiwango kile kile kabla Baraza halijapiga kura.

Tuanze na hilo shimo jeusi, maana bado linazunguka kwenye simu za watu na litarudi kila mtambo mpya unapotajwa. Protoni mbili za LHC zikigongana uso kwa uso kwa jumla ya elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) trilioni 14, mgongano huo unalingana na mwale wa kosmiki, yaani chembe yenye kasi itokayo anga za mbali, wa elektronivolti trilioni 100,000 hivi unaogonga protoni iliyotulia hewani. Mtambo wa protoni unaotarajiwa baadaye katika handaki la FCC, hata ukifika trilioni 100, unalingana na mwale wa trilioni 5,300,000. Mwaka 1991 darubini za Fly's Eye kule Utah zilinasa mwale wa takriban trilioni 320,000,000, mara 60 zaidi. Miale ya namna hii huja mara chache sana, lakini imekuwa ikiipiga Dunia na Jua kwa mabilioni ya miaka.

Mtu makini atauliza: mabaki ya mgongano wa angani hupita kwa kasi na kutokomea, je, yale ya mtamboni yakizaliwa yakiwa taratibu na kunaswa na uvutano wa Dunia? Swali hilo ni zuri, na ripoti ya 2008 haikulikwepa. Ililipeleka kwenye nyota kibete nyeupe na nyota za nyutroni, ambazo zimeshindiliwa kiasi kwamba hata chembe yenye kasi hiyo ingenaswa humo. Nyota hizo zipo, tunaziona, na ni za zamani mno. Kama mashimo hayo yangekuwa hatari, zisingekuwepo. Hicho ndicho kiwango tunachokizungumzia: kulichukua swali la mwenye hofu likiwa katika sura yake yenye nguvu zaidi, kisha kulijibu.

Hatari iliyotokea kweli ilianzia kwenye lehemu. Tarehe 19 Septemba 2008, siku tisa baada ya protoni kuzunguka kwa mara ya kwanza, mkondo wa sumaku zinazopinda njia ya protoni katika sekta ya 3-4, moja ya sehemu nane za duara la LHC, ulikuwa ukipandishwa. Kati ya sumaku na sumaku, nyaya za niobi na titani zilizofunikwa kwa shaba huunganishwa kwa lehemu ya bati na fedha. Ungio zuri lina ukinzani usiofika hata nano-omu moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya omu. Moja lilikuwa na nano-omu 200 hivi. Mkondo ulipofika ampea 8,700, ungio hilo lilikuwa likitoa joto la wati 15, kiasi cha taa moja ya sebuleni. Kwa kifaa kinachofanya kazi kwenye nyuzi 271 chini ya sifuri, wati 15 sehemu moja ni nyingi. Waya ulipasha, ukapoteza uwezo wake wa kupitisha umeme bila ukinzani, na shaba iliyopaswa kuubeba mkondo kwa muda haikuwa imeshikana vizuri. Vifaa vya kugundua hitilafu havikuwa na wepesi wa kuliona tatizo dogo kiasi hicho mapema.

Cheche ya umeme ikatoboa chombo cha heliamu inayopoza sumaku. Takriban tani 6 za heliamu zikamwagika. Vali za kupunguza shinikizo hazikuweza kuitoa gesi kwa kasi iliyohitajika, na sumaku, ambazo kubwa kati yake zina tani 35, zikang'oka kwenye nanga zake sakafuni. Masizi yakaingia ndani ya bomba linamopita protoni. Sumaku 53 zikapandishwa juu kwa matengenezo. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa watu hawaruhusiwi handakini wakati wa kazi hiyo. Mtambo ulirudi Novemba 2009, ila uliendeshwa kwa nusu tu ya nishati uliyosanifiwa, kwa sababu maungio mengine nayo hayakuaminika. Ilibidi kusubiri mapumziko marefu ya 2013 na 2014 ndipo maungio zaidi ya 10,000 yakafunguliwa, yakakaguliwa, na kuongezewa vipande vya shaba vya kupitishia mkondo pembeni.

Tunalirudia tukio hili kwa undani kwa sababu ndivyo mitambo hii inavyofeli. Huanza na kitu kidogo kilichozidishwa mara elfu kumi, na gharama yake hulipwa kwa miaka. Ni kweli kwamba hatua ya kwanza ya FCC, itakayogonganisha elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), haitategemea sumaku baridi za namna ile. Sehemu yake nyeti itakuwa vyumba vya mawimbi ya redio vinavyozisukuma chembe. Elektroni ikipinda hutoa mwanga na kupoteza nishati, na hasara hiyo hupanda kwa kipeo cha nne cha nishati yake. Kwenye kiwango cha juu kabisa cha FCC, kila elektroni itapoteza elektronivolti bilioni 10 hivi kwa mzunguko mmoja, na lazima irudishiwe zote. Ndiyo maana duara linatakiwa kuwa kubwa hivyo, na ndiyo maana megawati 100 zitakuwa zikigeuka mwanga na joto muda wote mihimili miwili ya chembe inapozunguka. Umma uelezwe: vyumba vingapi, vya aina gani, na ni wangapi duniani wanaoweza kuvitengeneza kwa ubora huo.

Sasa fedha. Upembuzi yakinifu uliotolewa Machi 2025 unataja handaki la kilomita 90.7, kwa wastani mita 200 chini ya ardhi, maeneo manane ya juu ya ardhi, na gharama ya takriban faranga za Uswisi bilioni 15 kwa hatua ya kwanza. Mtambo wa protoni wa hatua ya pili haumo ndani ya hesabu hiyo, na sumaku zake za tesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 14 au zaidi bado hazitengenezwi kwa wingi popote. Hili tunaomba lisemwe wazi kila mara bilioni 15 zinapotajwa. Watu wengi wanaonyeshwa picha ya mtambo wa pili kisha wanatajiwa bei ya ule wa kwanza.

Historia ya makadirio inawapa watu sababu ya kuuliza. LHC yenyewe ilizidi bajeti mwaka 2001 kwa mamia ya mamilioni ya faranga, na mwaka 2002 CERN ikakopa euro milioni 300 kutoka Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Texas ilikuwa mbaya zaidi. Mtambo wa protoni wa SSC uliokuwa ukijengwa huko ulianza ukikadiriwa dola bilioni 4.4. Wasanifu wakagundua kwamba tundu la sumaku la sentimita 4 lilikuwa jembamba mno kwa mhimili wa protoni kutulia, wakalipanua hadi sentimita 5, na nishati ya kuingizia chembe ikaongezwa maradufu. Mabadiliko hayo yalikuwa sahihi kiufundi, lakini yalichelewa. Gharama ikapita bilioni 11, michango iliyotarajiwa kutoka nje haikufika, na Oktoba 1993 Bunge la Marekani likaufuta, kilomita 23 za handaki zikiwa zimeshachimbwa na dola bilioni 2 hivi zimetumika. Fedha hizo hazikuhamia kwenye majaribio mengine ya fizikia.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo tunaomba daftari, na hasa kurasa zake mbili. Ya kwanza ieleze bei ikiwa na kiwango cha mashaka kwa kila fungu: uchimbaji, mtambo, vyumba vya redio, na vitambuzi vinavyopima migongano. Ya pili ieleze masharti ya kusimama. Gharama ya uchimbaji ikizidi kwa asilimia fulani mnafanya nini? Nani analipa, na majaribio gani madogo yatakatwa ili kuziba pengo? Mwaka 2024 Ujerumani, mchangiaji mkubwa kuliko wote, ilisema wazi kwamba ina shaka na mpango wa fedha. Ni afadhali swali hilo lijibiwe sasa kuliko mashine za kuchimba zikiwa zimeshateremshwa.

Kuhusu mwamba, wakazi wa Haute-Savoie upande wa Ufaransa na wa Geneva wanauliza jambo la kawaida kabisa: udongo utakwenda wapi? Upembuzi unataja zaidi ya mita za ujazo milioni 6. Tipa likibeba mita za ujazo 15, hizo ni safari 400,000, na bado hatujahesabu kwamba mwamba ukivunjwa hutanuka. Sehemu kubwa ni molasi, mchanganyiko wa mchangamawe na tope gumu, ambao mashine huukata vizuri lakini ukilowa huwa tope tupu. Majaribio ya kuugeuza kuwa udongo wa kilimo yameanza, nasi tunayaunga mkono, ila matokeo yachapishwe hata yakiwa mabaya. Sehemu za chokaa zinahitaji uangalifu zaidi. Handaki la LEP, mtambo wa elektroni na positroni uliotangulia LHC, lilipochimbwa chini ya milima ya Jura, maji yalipasuka kutoka kwenye nyufa za chokaa na kuchelewesha kazi kwa miezi. Na shimo la wima la CMS, mojawapo ya majaribio makubwa ya LHC, lilipita kwenye tabaka lenye maji, hadi ikabidi ardhi igandishwe kwa maji ya chumvi baridi na naitrojeni ya kimiminika ndipo wachimbaji washuke. Wenye visima na chemchemi juu ya njia ya handaki wanastahili vipimo vya maji vya sasa, kabla ya uchimbaji, ili baadaye kusiwe na ubishi.

Umeme tunaupitia kwa ufupi, kwa sababu hapa CERN imekuwa wazi kiasi. Matumizi ya sasa ni takriban terawati-saa 1.3 kwa mwaka, na FCC ya elektroni itatumia kati ya 1.1 na 1.8 kutegemea nishati inayoendeshwa. Mwaka 2022, bei zilipopanda Ulaya, CERN ilifunga mapema kwa wiki mbili na kupunguza kazi za mwaka uliofuata. Andikeni utaratibu huo kuwa kanuni ya FCC, usiwe hisani ya mwaka mmoja.

Gesi ndiyo inayosahaulika. Baadhi ya vitambuzi vya CMS na vya ATLAS, jaribio jingine kubwa la LHC, hutumia R134a, gesi ile ile ya viyoyozi vya magari, ambayo kilo yake moja hupasha hewa sawa na zaidi ya kilo 1,400 za kaboni dayoksaidi. Huvuja hasa kwenye viungio vya plastiki vilivyopasuka, mahali ambapo mkono wa fundi haufiki bila kubomoa nusu ya kitambuzi. Gesi hizi za florini ni sehemu kubwa ya uchafuzi wa moja kwa moja wa CERN. Kitambuzi kipya kisisanifiwe tena kwa gesi hizo, na viungio vyake viwekwe mahali panapofikika.

Baada ya hofu, matumaini nayo yasemwe kwa vipimo. Kabla ya LHC, wengi katika taaluma yetu waliahidi chembe za supersimetria (nadharia inayozipa chembe zote zinazojulikana wenza wapya) na mata giza, ile mata isiyoonekana inayojulikana kwa uvutano wake tu. Iliyopatikana ni chembe ya Higgs, inayohusiana na jinsi chembe nyingine zinavyopata uzito, iliyotangazwa Julai 4, 2012, na hilo peke yake ni jambo kubwa. FCC ya elektroni haiahidi chembe mpya, na isiuzwe hivyo. Inachoweza kuahidi ni hiki: elektroni na positroni zikigongana kwa bilioni 240 za elektronivolti, baadhi ya migongano huzaa chembe iitwayo Z na Higgs kwa pamoja. Kwa kuwa jumla ya nishati inajulikana, ukiipima Z peke yake kwa miuoni mbili (chembe zinazofanana na elektroni ila nzito zaidi) ilizozaa, unaweza kukokotoa uzito wa kilichoruka upande wa pili bila kukitazama. Hivyo Higgs inahesabiwa hata ikigeuka kuwa kitu kisichoonekana kabisa. Mtambo wa protoni hauwezi kufanya hivyo, kwani ndani ya protoni hujui nani kamgonga nani na kwa nishati gani. Higgs takriban milioni 2 zilizohesabiwa kwa njia hiyo, pamoja na Z matrilioni ambapo LEP ilipata milioni 17, ni sababu ya kutosha. Wavuti na tiba ya saratani ni matunda mazuri ya njiani, lakini hayathibitishi haja ya handaki hili.

Baraza linatarajiwa kuamua kuhusu ujenzi mwaka 2028 au karibu na hapo. Tunaomba majibu ya gharama, masharti ya kusimama, vipimo vya maji na mpango wa gesi yatoke angalau mwaka mmoja kabla, katika nyaraka zilizo wazi kama ilivyo takwimu zenu za LHC, ili hata mwanafunzi wa Kigali au Morogoro aweze kuzikagua hesabu hizo mwenyewe na kuwaandikia akiona kosa.

Wenu katika kazi,
Wanafizikia na wahandisi wasemao Kiswahili