Tunapovuka kwenda visiwani, tupige hodi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwafikie wakazi wenzangu wa jiji la Mwanza ambao siku hizi, kila zinapofika sikukuu au mapumziko ya mwisho wa juma, hukodi boti, hupakia vinywaji na spika za muziki, kisha huvuka kwenda kupumzika visiwani. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilizaliwa Ukerewe, nimefundisha huko na hapa mjini, na sasa naishi Ilemela. Nafurahi sana kuona watu wakivuka kwa hiari yao kwenda kukiona kisiwa chetu, kwa maana nilipokuwa kijana mtu wa mjini alipanda meli ya Nansio akiwa na msiba, harusi au biashara, na asipokuwa na mojawapo ya hayo hakuona sababu ya kusafiri saa tatu majini. Kinachonihuzunisha ni namna wengi wetu tunavyoingia: hatupigi hodi, hatuulizi, tunateremka mchangani kana kwamba kisiwa ni kiwanja kisicho na mwenyewe.

Nasema "wengi wetu" kwa makusudi, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba somo la kuheshimu mila za wenyeji linawahusu Wazungu wenye kamera kubwa. Kwa niliyoyaona, mgeni atokaye Ujerumani au Marekani mara nyingi hufika akiwa na mwongozaji, huuliza kabla ya kupita, na akikatazwa hukubali. Sisi tuliotoka ng'ambo ya maji tu ndio tunaojihesabu kuwa wenyeji mahali tusipomjua hata mwenyekiti wa kitongoji.

Wakati wa sikukuu moja iliyopita nilikuwa kwa dada yangu, katika kijiji kimoja cha ufukweni Ukerewe. Zilikuwa siku za giza, yaani zile siku za mwezi ambazo uvuvi wa dagaa hushamiri. Mnamo saa nne asubuhi boti mbili zilitia nanga mwaloni, yaani pale wavuvi wanapopakulia samaki, wakashuka vijana wapatao ishirini, nadhifu na wenye furaha, nao wakafungua muziki kwa sauti iliyofika mpaka nyumba za juu kabisa karibu na miamba. Sidhani kama walikuwa na nia mbaya. Walichokosa ni kujua kwamba katika mwalo wa dagaa, saa nne asubuhi ndiyo usiku wa manane. Wavuvi huondoka jua linapozama, huwasha taa katikati ya ziwa ili dagaa wafuate mwanga, huvuta nyavu usiku kucha na kurudi alfajiri. Wakishapakua mzigo na kuwakabidhi kina mama wanaoanika, ndipo hulala. Mwezi unapong'aa sana taa hazina nguvu ya kuvuta dagaa, na hizo ndizo siku ambazo mvuvi hupumzika, hushona nyavu na kuitembelea familia yake. Kundi lile lingeuliza mtu mmoja tu kabla ya kupanga safari, lingeambiwa lisubiri mbalamwezi, na pengine wavuvi wenyewe wangekaa nao na kuwasimulia habari za ziwa.

Baada ya muziki zikafuata picha. Dagaa walikuwa wameanikwa sehemu mbili, wengine juu ya chanja na wengine juu ya nyavu zilizotandazwa chini, na vijana wale, wakitafuta mahali ambapo miamba na maji vingeonekana vizuri nyuma yao, wakapita katikati ya wale wa chini. Mama mmoja aliwaambia kwa upole, "Karibuni wanangu, piteni huku kando." Hakuna aliyemjibu. Aliinama akaanza kuwachambua waliopondwa na kuwatenga na wazima. Dagaa wale ndio ada ya shule na ndio unga wa wiki nzima, na mnunuzi wa pale soko la samaki la Kirumba Mwaloni, hapa mjini, hapokei waliochanganyika na mchanga. Mpaka leo bado naikumbuka sauti ya yule mama, kwa sababu alianza na neno "karibuni" kwa watu ambao hawakuwa wamemwamkia.

Salamu ndiyo mwanzo wa yote. Mwenye umri wa kumzaa mtu apewe shikamoo yake, na kikundi kinachofika mwaloni kitangulize mtu mmoja hadi ofisi ya serikali ya kijiji, au angalau kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wenyeji wanaosimamia mwalo na uvuvi wake, kieleze ni kina nani, kimetoka wapi, kitakaa muda gani na kingependa kuona nini. Haichukui hata nusu saa. Katika nusu saa hiyo mgeni ataambiwa ni wapi wanawake huoga na wapi wanaume huoga, jambo ambalo asiyeuliza hulitambua akiwa amekwisha kukosea, au amekwisha kurusha droni yake juu ya vichwa vya watu wasio na nguo. Ataambiwa pia viboko hupanda kula majani upande gani, na ni wapi mamba ameonekana, na hapo anayeokolewa ni mgeni mwenyewe.

Kuhusu picha sina budi kusema zaidi. Ukerewe inafahamika kwa kuwa na watu wenye ualbino, na wapo wageni wanaofika na hamu ya kuwapiga picha kama vile wanavyopiga picha miamba. Mimi nimewafundisha watoto hao. Nimewaketisha dawati la mbele ili wauone ubao, na nimewahimiza wazazi wao wasiwaache watoke juani bila kofia na mikono mirefu. Katika Kanda hii ya Ziwa tunajua sote hofu ambayo familia zao zimeishi nayo kutokana na ukatili na mauaji ya miaka ile, hivyo mtu asiyejulikana anapoinua simu na kumlenga mtoto wa aina hiyo, mama hamwoni mtalii, anaona hatari. Picha ikishasambaa mtandaoni ikiwa na jina la kijiji, hakuna awezaye kuirudisha. Tuombe ruhusa kwa mtu mzima, na kwa mtoto tuombe kwa mzazi wake, na tukinyimwa tushukuru na tuweke simu mfukoni.

Vivyo hivyo kuhusu kisiwa jirani cha Ukara. Wengi huenda kule kwa ajili ya jiwe linalocheza, na kwa hakika ni jambo la kuona. Lakini jiwe lile lina wazee wake na taratibu zake, wala halichezi kwa kupigiwa kelele na kusukumwa na vijana wanaorekodi video. Njiani kuelekea huko, mtu mwenye macho ataona jambo ambalo kwangu mimi linashinda hata lile jiwe: mashamba. Watu wa Ukara wameishi kwa vizazi vingi wakiwa wengi katika kisiwa kidogo, wakajifunza kufuga ng'ombe ndani, kuwaletea majani, kukusanya samadi na kuirudisha shambani, na kulima ardhi ileile mwaka hadi mwaka bila kuiacha ichoke. Mabwana shamba na wataalamu wa ng'ambo wameusifu ukulima huo tangu enzi za ukoloni. Katika nchi ya namna hiyo hata mti ulio kando ya njia una mwenyewe. Kikundi kinachokata matawi ili kuota moto usiku ufukweni kimechukua kuni za mtu, pengine na kivuli cha ng'ombe wake.

Ukara pia ndiko walikolala baadhi ya ndugu zetu wa MV Nyerere. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko kile, kikitoka Bugolora siku ya gulio, kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika Bwisya, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Baadhi yao walizikwa palepale. Anayepita makaburini hapo apite kimya, asikae juu ya kaburi ili apigwe picha, na kama hana la kusema asimame kidogo kisha aende zake. Na kwa kuwa sisi wa Mwanza tulikwisha kulia kwa ajili ya meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, nashindwa kuelewa abiria wa matembezi anayemshinikiza nahodha aongeze watu wawili watatu, au aondoe chombo wakati wenyeji wanasema upepo si mzuri, au anayevua boya lake la kujiokolea kwa sababu linaharibu picha. Wenyeji wa ziwa wakisema tusubiri, tusubiri.

Nije kwenye maji. Mgeni wa mjini huogopa kichocho, na ana haki ya kuogopa, kwani ugonjwa huo upo katika fukwe nyingi za Ziwa Victoria. Asichokifikiria ni kwamba yeye naye aweza kuwa ndiye anayeuleta. Mayai ya minyoo hutoka katika kinyesi au mkojo wa mgonjwa, huanguliwa majini, viluwiluwi vyake huingia katika konokono, na baadaye hutoka vikiwa tayari kupenya ngozi ya mtu yeyote aliyesimama majini, akiwemo mtoto anayechota maji ya kupikia. Basi anayejisaidia nyuma ya mwamba karibu na maji, kwa sababu tu hakutaka kuomba choo katika nyumba iliyo jirani, ameacha nyuma yake jambo baya kuliko chupa tupu. Chupa nazo ni mzigo: mifuko ya plastiki tuliiaga tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa za maji na soda huachwa kwa wingi ufukweni, na visiwa havina gari la taka linalopita kila asubuhi. Boti iliyozibeba zikiwa zimejaa ina nafasi ya kuzirudisha zikiwa tupu.

Zipo njia nyingi nzuri za kufurahi kule, na nisingependa msomaji adhani kwamba nataka watu waketi kama wako kanisani. Wapande hadi Handebezyo, watazame visiwa vilivyotawanyika ziwani. Waende Bukindo waione ikulu ya kale ya watemi wa ukoo wa Wasilanga, na wamsikilize mwenyeji awaeleze jinsi utawala ule ulivyokuwa kabla utemi haujafutwa kisheria mwaka 1963. Wawatazame furukombe wakishuka kunyakua samaki, na minandi wakikausha mabawa juu ya mawe. Wakishikwa na njaa, wasifungue makopo waliyobeba kutoka mjini. Wanunue sato kwa mvuvi, wampe mama lishe awapikie, wale na ugali wa udaga, yaani wa unga wa muhogo, kisha wamalizie kwa machungwa ya Ukerewe ambayo hapa mjini tunayanunua kwa bei mara mbili. Ila wakiletewa sangara asiyefikia sentimita 50, au sato asiyefikia sentimita 25, wakatae, kwa kuwa sheria inakataza kumvua na kwa kuwa samaki huyo hajapata nafasi ya kuzaa. Mnunuzi akikataa, mvuvi hujifunza upesi zaidi kuliko akikemewa.

Wasio na muda wa kwenda mbali wana kisiwa cha Saanane, mwendo wa dakika chache tu kwa boti kutoka mjini, hifadhi ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini. Hata hicho kina mwenyewe katika jina lake: ni la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyeishi pale kabla ya bustani ya wanyama kuanzishwa mwaka 1964. Nimewaona wazazi pale wakiwapa watoto biskuti ili wawarushie pimbi na tumbili, na watoto wakishangilia. Mnyama aliyezoea biskuti huacha kujitafutia chakula, na tumbili aliyezoea mkono wa mtu hatimaye huung'ata. Na kwa wanaokwenda kisiwa cha Rubondo, ambacho nacho ni hifadhi ya taifa na ambako safari imekuwa rahisi zaidi tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, nasema moja tu: sokwe wa kule, ambao wazee wao waliletwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya katika miaka ya 1960, huambukizwa magonjwa yetu kwa urahisi, hivyo mwenye mafua amwambie askari wa hifadhi ukweli na akubali kubaki nyuma.

Ndugu Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wenye boti za kukodi: kabla ya kufungua kamba, wawaeleze abiria wao ni kijiji gani wanakwenda, wataripoti kwa nani, na kama ni siku za giza au za mbalamwezi. La pili ni kwa serikali za vijiji vya visiwani, kwamba ziweke mwaloni ubao wenye jina na namba ya simu ya ofisi, pamoja na mshale unaoonyesha choo kilipo, kwa sababu wapo wageni ambao wangependa kupiga hodi lakini hawaoni mlango. Dada yangu nimekwisha kumwomba alifikishe hilo katika mkutano ujao wa kijiji chao, naye amekubali.

Msomaji wako,
Mwalimu mstaafu,
Ilemela, Mwanza.