Kaka, alifika kumi na tisa

Kaka,

Tangu tumalize arobaini ya Baba hupokei simu yangu, na ujumbe unausoma halafu kimya. Basi nakuandikia hapa. Wasome na wengine, labda mmoja atakufikishia.

Juzi nilipita Hombolo kwa miguu. Zabibu zimetoka vizuri mwaka huu. Yule bwana aliyenunua shamba letu ameweka seng'enge mpaka kwenye mkwaju, pale ulipoanguka na ndoo nzima ukamsingizia mbuzi wa Mama Mkubwa. Nilicheka peke yangu barabarani. Halafu nikakumbuka kikao.

Ulikuja na bahasha. Ukaitoa mikeka ya kubeti ya Baba, ukaipanga mmoja mmoja chini, mbele ya baba wadogo na mwenyekiti wa kijiji, ukamwambia Baba, "Hesabu, mzee. Kwa mdomo wako." Akahesabu. Mkono unatetemeka, akishika karatasi moja zinakuja mbili, anarudia. Alipofika kumi na tisa akanyamaza. Ukasema, "Endelea."

Hilo "endelea", Kaka, silisahau.

Baba huyo alikuwa hauzi gunia la mahindi mpaka aulizie bei ya Kibaigwa mara tatu. Wewe mwenyewe alikuchapa kwa kucheza karata za shilingi hamsini. Ulisema uzee umemtoa akili. Haukuwa uzee. Ugonjwa wake, Parkinson, ule wa kutetemeka, unaua seli za ubongo zinazotengeneza dopamini. Sisi tunauona mkono tu, kumbe dopamini hiyo hiyo ndiyo inayomwambia mtu hapa umepata, rudia. Hapa umeungua, acha. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani waliwapima wagonjwa kwa mchezo wa kuchagua. Ambao hawajameza dawa walijifunza zaidi kwa kukosa, waliomeza walijifunza zaidi kwa kupata. Ndiyo maana naona mikeka yote iliyochanika haikumfundisha kitu, ila ule mmoja uliolipa elfu themanini hakuusahau mpaka anakufa.

Na vile vidonge vya pili, vinavyojifanya dopamini, vina sifa zao. Mwaka 2010 walichunguzwa wagonjwa zaidi ya 3,000 Marekani na Kanada: kati ya wanaovitumia, kama 17 katika kila 100 walishindwa kujizuia, kwa kamari, manunuzi, kula au mambo ya chumbani. Wasiovitumia, kama 7. Vidonge hivyo ulivituma wewe, kwa basi, kutoka Dar. Sikulaumu. Daktari aliandika, wewe ukanunua, na bei yake naijua, Mungu akulipe. Lakini ulipouliza pale kikaoni nani kamharibu mzee, nilikutazama usoni na hukunitazama.

Wifi ameniambia baba mkwe wako naye mkono umeanza. Msimuulize habari za mkono tu, muulizeni na habari za pesa. Simu yenye pesa ishikwe na mtu mwingine. Mkiona amebadilika, semeni kwa daktari mapema, na dawa msimkatishe ghafla, inaweza kumletea mabaya zaidi. Usingoje kama...

Najua utakachosema. Kwamba mimi ndiye niliyekuwa namhesabia vidonge, sikuona? Niliona. Kikaratasi cha ndani ya boksi nilikisoma wiki ya kwanza, na kamari imeandikwa humo. Mkeka wa kwanza niliukuta kwenye koti nikiwa nafua. Lakini Baba alikuwa ameanza kufunga vifungo vyake mwenyewe! Alikuwa anakwenda kupogoa mizabibu huku anapiga mluzi. Ningesema, dawa ingepunguzwa, angerudi kukaa ukutani kama gogo, mate yanamtoka, na wa kumfuta ni mimi. Wewe ulikuja mara mbili kwa miaka mitatu. Ulimkuta ameogeshwa.

Wala sikuwa na wa kumuuliza. Wewe ulikuwa "kwenye kikao, nitakupigia."

Nakala ya mkataba wa shamba ninayo, hukuwahi kuomba kuiona. Saini ya Baba inaanza ndogo na kuzidi kusinyaa, mwisho wake ni kama sisimizi. Iliyo chini yake, ya shahidi, ni yangu.

Njoo tuongee. Chumba chako hakijaguswa.

Mdogo wako,
Dodoma